Kipimo Bila Pumzi

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi kama kawaida. Nilifika wa kwanza, kama kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa. Nikafungua ukumbi wa parokia, nikapanga viti. Soprano mbele, alto pembeni, teno nyuma yao, besi karibu na mlango kwa sababu hao hupenda kutoroka kabla ya sala ya mwisho. Baridi. Vumbi la mtaa wetu wa Katuba limeingia mpaka ndani ya vitabu.

Papa Placide, maestro wetu, alikuja na mgeni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Clarisse. Ametoka Kambove. Mume wake amepata kazi ya kutengeneza magari hapa mjini. Ana barua ya padri wa huko kwao, na maestro akaisoma mbele yetu sote, hata pale palipomsifu. Hasa pale palipomsifu.

Aliniamkia kwa kukunja magoti. Akaniita yaya, kana kwamba tumezaliwa nyumba moja na mimi ndiye mkubwa. Nilizaliwa wa mwisho. Sina mdogo.

Nikampa kiti cha mwisho kwenye mstari wa soprano, dirishani, upepo unakopita.

Alhamisi, 5 Juni

Ana sauti. Niandike tu, daftari hili halina mdomo.

Jumanne aliimba kwa adabu, chini chini, kama mgeni anayeogopa kumaliza mboga ya watu. Leo maestro alimwambia aimbe mstari mmoja peke yake. Aliimba. Besi wakaacha porojo zao. Papa Placide akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliponisikia mimi mara ya kwanza alikuwa bado havai miwani, kwa hiyo sijui angefanya nini.

Kwetu hakuna kinanda. Kilikuwepo, panya wakakimaliza. Wimbo unatoka kichwani mwa mtu mmoja. Mwanzishaji anatoa sauti ya kwanza, na kwaya nzima inapanda juu yake. Akikosea, wote tumekosea. Mwanzishaji ni mimi. Kabla yangu alikuwa mama yangu, Mama Vero, aliyeunda hii kwaya pamoja na wake sita wa wafanyakazi wa reli, wote watu wa kaskazini, wote na hamu ya kwao.

Nimewahi kukosea mambo mengi. Nilikosea mume, yuko Sakania anauza unga na mwanamke mwingine. Sauti ya kwanza sijawahi kuikosea.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Nilianzisha nyimbo nne. Zote zilikaa mahali pake. Baada ya misa wanawake wakamzunguka Clarisse pale kwenye ngazi. Yeye alikuwa ameitikia tu.

Régine wa alto, rafiki yangu tangu shule, akanisindikiza mpaka njia panda. Akaniambia sasa nitapumzika kidogo. Nikamuuliza nani amemwambia kwamba nimechoka. Akaanza habari za goti lake.

Nina wivu. Nimeuandika. Umekaa hapo kwenye mstari, unaniangalia.

Jumatano, 11 Juni

Ni desturi, mwimbaji mpya anakwenda kumsalimu mama. Ana miaka themanini na moja, na miguu haimbebi tena tangu mwaka jana. Kitanda chake nimekiweka kwenye chumba cha kushonea, maana anasema bila mlio wa cherehani hapati usingizi. Yeye ndiye aliyenifundisha vyote viwili, kushona na kuimba, na vyote viwili bado anavisahihisha kutoka kitandani.

Clarisse alikuja na karanga na viazi vitamu. Mama akala karanga mbili, kwa yale meno yake matatu. Halafu akamwambia aimbe mstari mrefu.

Mstari mrefu ni wa wimbo wa kumtoa marehemu nyumbani. Hauna mahali pa kupumua. Unavuta pumzi mara moja, jeneza likiwa mlangoni, na unauimba mpaka lifike kwenye lango la kiwanja. Wimbo ukikatika, wabebaji wanasimama. Sheria hiyo aliiweka mama, na mitaa yote ya huku inaijua: marehemu hatembei kimya. Mimi haujawahi kunikatikia.

Clarisse aliuimba ameketi kwenye kigoda changu. Mama akalia. Machozi kabisa, akajifuta kwa pindo la shuka. Mimi nilipouimba mara ya kwanza, mama aliniambia nimechelewa kidogo pale mwanzoni.

Karanga zilikuwa nzuri. Nilizila zote alipoondoka, kwa hasira.

Jumamosi, 14 Juni

Kilio kwa jirani wa maestro. Tulikwenda wote.

Hapa kwetu mtu akifa, wanaitwa watu wawili kabla hata ya wajomba: fundi wa jeneza na Papa Placide. Kilio bila kwaya, watu wanaanza kuulizana marehemu aliwakosea nini wenzake. Tunawaimbia wanaooa, wanaobatizwa, wanaotoka hospitali. Kuna teno wawili hawajasalimiana mwaka wa tatu huu kwa sababu ya ukuta wa choo, na kila Jumapili wanashika kitabu kimoja.

Nilikuwa na kikohozi. Kidogo. Maestro hakunitazama mimi, alimtazama Clarisse.

"Mama Clarisse, weye njo utaanzisha leo. Mama Odile iko na kikohozi."

Alianzisha. Jeneza likatoka, likavuka kiwanja, likafika langoni, na sauti yake ilikuwa bado ina akiba. Niliomba ikatike. Nilisimama kwenye msiba wa watu, na msalaba shingoni, nikaomba wimbo ukatike. Haukukatika.

Dada wa marehemu alimshika mkono, akamuuliza jina lake. Mimi hakuna anayeniuliza jina. Wote wanalijua. Njiani nilijiambia hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi. Nilijiambia mara tatu.

Jumanne, 17 Juni

Kitenge cha jubilei kimefika. Kwaya inatimiza miaka hamsini, sherehe ni Jumapili ya tarehe 10 Agosti. Samawati, na ndege weupe. Walitaka kijani, nikakataa, kijani kinawafanya alto waonekane wagonjwa. Wanawake kumi na sita, libaya kumi na sita, ndizo blauzi za sare, fundi ni mimi. Wanaume wamepewa fundi mwingine, Mungu awasaidie.

Mwimbaji hapimwi kama bibi harusi. Hilo nalo ni la mama. Unamwambia avute pumzi mpaka mbavu zifunguke, aishike, ndipo unazungusha utepe. Kisha unaongeza vidole viwili. Ukimpima bila pumzi, libaya itamkaa vizuri kwenye picha na itamnyonga kwenye wimbo.

Nimepima saba leo. Wote ni wa zamani, wanavuta pumzi wenyewe kabla sijasema.

Alhamisi, 19 Juni

Maestro ametangaza. Nyimbo za jubilei, ule wa kuingilia na ule wa shukrani, ataanzisha Clarisse. Alisema mimi nimefanya kazi kubwa. Alisema nitakuwa mlezi wa soprano. Mlezi! Nilipiga makofi wa kwanza, mtu asije akasema.

Nimepiga hesabu. Clarisse ana umri niliokuwa nao mimi mama aliponiachia. Lakini mama aliniachia mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi sijaachia.

Nyumbani sikutaka kumwambia mama. Alikuwa anajua tayari, Régine alipita mchana. Kumbe watu wote walijua tangu mchana. Mama akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Bukari ilikuwa bado kwenye sufuria, imefunikwa, anaiona kutoka kitandani.

Ijumaa, 20 Juni

Clarisse alikuja kupimwa. Mama alikuwa amelala.

Kambove hawakuwa na sare za kushona, aliniambia, walivaa mashati ya kununua. Hajui kitu. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameiinua kidogo, akingoja nimwambie la kufanya.

Sikumwambia avute pumzi. Nilimwambia aitoe. Yote, nikasema, simama vizuri, tulia. Akatii kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nikazungusha utepe chini ya matiti, nikaukaza, nikaandika. Vidole viwili sikuongeza. Nilipunguza kimoja.

Akanishukuru. Alisema hapa mjini hana dada, na mimi ninamtunza.

Namba nimeiandika kwa mwandiko mzuri, hata haikupinda. Hilo ndilo linalonishangaza.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kupokea komunyo. Nilimwambia Régine tumbo linaniuma.

Jumanne, 24 Juni

Mazoezi. Clarisse alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha dirishani. Maestro akamwita aje mbele. Hakuna aliyeniambia nihame. Nilihama mwenyewe, kabla sijahamishwa. Pale dirishani nilipohamia upepo kweli unauma.

Alikosea mara moja tu, akaomba radhi kwa kwaya nzima. Wakamcheka kwa upendo. Mimi nimekaa miaka kumi na tisa bila kukosea ili nipate nini?

Baadaye akabeba mfuko wangu mpaka nyumbani. Sikumwomba.

Jumatano, 25 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Cherehani yangu ni ya miguu, sijali. Nimemaliza libaya kumi.

Ya Clarisse ilikuwa ya kumi. Nimeishona mara mbili pembeni, ili mshono usiachie. Shingo nimeipinda kwa mkono. Ni nzuri kuliko zote, kuliko hata yangu. Ajabu, kumchukia mtu kwa mishono midogo hivyo.

Mama alikuwa ananitazama. Akauliza hiyo ni ya nani. Nikasema ya Régine.

Akasema Régine amekonda sana siku hizi.

Jumamosi, 28 Juni

Wanawake walikuja kujaribu. Vigelegele, chai, nyumba imejaa. Libaya ya Clarisse ilimkaa mwilini kama ngozi. Régine akasema huyu ataolewa mara ya pili. Clarisse akazunguka mara moja, akacheka, akaanza kuimba kwa furaha. Katikati ya mstari akakata. Akashika ubavu. Akanitazama kidogo, halafu akasema ni nzuri sana, akaivua taratibu.

Walipoondoka mama akaniita. Macho yake hayaoni uzi tena, lakini masikio ni yale yale.

"Odile. Uyu mutoto, ulimupima na pumzi ao bila pumzi?"

"Na pumzi, mama."

"Muzuri," akasema. Akageukia ukutani.

Nilikaa pale na mkasi mkononi. Sikuwa na kitu cha kukata.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Tarumbeta zilipita barabarani asubuhi, watoto wakizifuata. Kifua cha mama kimebana, hataki kula. Nilikwenda kumtafutia dawa, duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili pia, nikazunguka mpaka sokoni.

Niliporudi, Clarisse alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, ameshika mkono wa mama. Walikuwa wanaongea chini chini. Wakanyamaza nilipoingia. Kwenye nyumba yangu mwenyewe nilijisikia kama nimesahau kupiga hodi.

Alichukua kwaya. Sasa na mama.

Nilimwambia mgonjwa anahitaji kulala. Akaaga kwa heshima zake zote zile. Nikamuuliza mama walikuwa wanaongea nini. Akasema mambo ya nguo tu. Nikaogopa kuuliza zaidi.

Jumatano, 2 Julai

Mama amelala mchana kutwa. Nilivaa kanga, nikafika mpaka langoni, niende kwa Clarisse kuomba ile libaya. Ningesema kuna uzi unaonisumbua. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, unafumua upande mmoja, unatia kipande.

Kisha nikakumbuka makofi niliyopiga tarehe kumi na tisa. Nikarudi ndani.

Kesho.

Alhamisi, 3 Julai

Mama amefariki. Asubuhi, kabla ya chai. Nilikuwa nashona vifungo vya libaya ya mwisho. Niligeuka kumwonyesha.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekaa mkekani, kitambaa kichwani. Mwenye kilio haimbi, anaimbiwa. Siku arobaini. Hii nayo ni sheria ya mama. Nimehesabu, zinapita jubilei kwa siku mbili. Kwa hiyo jambo limekwisha, wala maestro hakuhitaji kunipa ulezi.

Nimewaimbia watu wa mitaa hii yote, sikujua kwamba kutoka hapa chini unaona viatu tu.

Papa Placide alikuja kupiga magoti mbele ya mkeka. Macho mekundu. Alimpenda sana mama.

"Mama Odile, bote banakubali. Kesho tutavaa iniforme mupya ju ya Mama Vero. Yeye njo muzazi wa iyi kwaya. Ku jubilei tutaivaa tena."

Alidhani atanifariji. Nikashika mkono wake na nikataka kusema hapana, wavae zile za zamani. Angeniuliza sababu. Wanawake walikuwa wamenizunguka pande zote, kila mmoja na masikio mawili. Nikasema asante, maestro.

Jumapili, 6 Julai

Jana sikuweza kuandika.

Kwaya ilijipanga kiwanjani, wanawake kumi na tano wa samawati. Clarisse alisimama mbele, mahali pangu. Mimi mkekani karibu na mlango, nguo nyeusi. Wabebaji sita wakainua. Clarisse akavuta pumzi, na nikaona libaya inakataa. Kitenge kilijikaza chini ya matiti, ndege wakanyooka, na pumzi ikaishia juu, kooni, mahali inapoishia kwa mtu anayelia. Akaanza hivyo hivyo. Sauti ya kwanza ilikuwa sawa kabisa. Jeneza likavuka kizingiti. Nilihesabu hatua. Kwenye hatua ya sita sauti ikakatika.

Wabebaji wakasimama.

Mama yangu alisimama juani katikati ya kiwanja chake, juu ya mabega ya watu, yeye aliyeiweka sheria hiyo. Miaka hamsini halijatokea. Kuku wa jirani walisikika, na mtu mmoja anakohoa. Maestro aliinua mkono, akaushusha. Mimi nilikuwa na pumzi, nguo ya msiba haibani. Wimbo ninao, sauti ya kwanza ninayo. Nilifungua mdomo. Mwenye kilio haimbi. Nikaufunga. Kuvunja sheria ya mama mbele ya mama, baada ya yote niliyokwisha kufanya, sikuweza.

Clarisse aliingiza vidole chini ya kwapa la kushoto, akashika mshono wangu, ule wa mara mbili, akavuta. Haukuachia. Akavuta tena kwa mikono miwili. Niliusikia ukiraruka mpaka pale mkekani. Shimizi yake nyeupe ikaonekana, ubavu wote, mbele ya padri na ya wakwe za watu. Wanawake wakapiga yowe, wakafikiri ni uchungu. Ndipo akavuta pumzi ya kweli.

Akaanza upya. Na kwa kuwa wimbo unaanzia mlangoni, wabebaji walirudi nyuma hatua sita, taratibu, mpaka kizingitini, halafu wakatoka tena naye. Wakavuka kiwanja. Wakafika langoni. Haukukatika.

Ilikuwa nzuri. Haujawahi kuimbwa hivyo, si na mimi, si na mama mwenyewe. Nilichukia kwamba ilikuwa nzuri, na nililia, na sijui nililia kwa lipi kati ya hayo mawili.

Alipopita mbele ya mkeka alinitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumatano, 9 Julai

Watu wamepungua. Mkeka bado.

Régine anasema mtaa mzima unasimulia jinsi Mama Vero alivyorudi mlangoni kuiaga nyumba yake. Na jinsi yule mama wa Kambove alivyorarua nguo mpya kwa uchungu. Wanasema ni mapenzi makubwa. Ninaitikia kwa kichwa.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kilio hakikuniumbua. Ningetaka kiniumbue, yaishe.

Nimemwambia mama uongo, naye akasema muzuri. Hakuna mazungumzo mengine ya maana tuliyozungumza baada ya hapo, ila dawa na shuka na kama amekula.

Jumapili, 13 Julai

Clarisse alikuja baada ya misa. Peke yake. Ile libaya ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ameikunja vizuri, imefuliwa. Kigoda kilikuwa wazi, hakukikalia. Alikaa mkekani na mimi.

Nilichochea makaa ya mbabula, nikamimina chai. Halafu nikasema, kwa sababu nikingoja mpaka kesho nilijua kesho yangu ilivyo.

"Nilikupima bila pumzi. Nilijua kile nilikuwa nafanya."

"Najua, yaya. Nilijua toka ile siku ya kujaribu."

Nikamuuliza kwa nini hakuifumua. Mafundi wamejaa Katuba, na ni mshono wa pembeni tu.

"Mama Vero njo alinikataza. Aliniambia, usiguse iyi nguo, Odile atafungua yeye mwenyewe. Umungoje."

Nikainuka, nikasimama dirishani muda. Walikuwa wananingoja. Clarisse na libaya yake kabatini, na mama amegeukia ukutani, tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, akisikiliza kama nitachukua mkasi. Na mimi nilikuwa nashona vifungo.

Bado nina wivu. Niandike ukweli, sikuamka nimekuwa mtakatifu. Ana sauti, na atasimama mbele tarehe kumi, na mimi nitakaa kwenye mabenchi na kina mama wa rozari. Na siri hiyo mama alimpa yeye, hakunipa mimi. Nitakuwa na wivu huo muda mrefu.

Nilichukua mkasi. Upande uliokuwa umeraruka nikausafisha nyuzi, upande mwingine nikaufumua, taratibu, mshono wa kwanza, halafu wa pili. Vipande vya samawati vilikuwepo kwenye kikapu. Mama hakuniruhusu kamwe kutupa vipande.

Clarisse alisimama pale pale aliposimama siku ile, karibu na kitanda kilichotandikwa. Nikachukua utepe. Nikamwambia avute pumzi. Akavuta. Nikamwambia aongeze. Mbavu zikafunguka, utepe ukateleza kwenye vidole vyangu, ukateleza tena. Pumzi yake ni nyingi. Ni zaidi ya yangu.

Nikaandika namba. Nikaongeza vidole viwili.